Tuhuma Iliyopita Bila Kukaguliwa

Jumanne, Kapsoya. Mvua ya asubuhi imeacha baridi, na leo simwamini mtu.

Nimeikuta habari ya Mama Jelagat kati ya zilizo tayari kuchapishwa kwenye tovuti yetu ya habari. Ana duka la mbegu Chepsaita. Mkulima anadai Mama amemuuzia mahindi ya kawaida yaliyopakwa rangi yaonekane ni mbegu. Mkulima mmoja tu, na jina la Mama limeandikwa wazi.

Kwetu tuhuma haitoki bila vyanzo viwili. Sheria hiyo tuliiweka ndani ya programu yetu ya kompyuta, iliyoandikwa kwa lugha ya Python, ili pasiwe na mtu wa kubembelezwa. Darasa, kwa lugha ya programu, ni kiolezo cha kuundia vitu: darasa la Habari hubeba habari yoyote. Darasa la Tuhuma limerithi kila kitu kutoka kwake, likaongeza ukaguzi wa vyanzo.

Nilimshuku Wafula, anayesimamia programu. Juzi alilalamika kwamba sheria yangu inatuchelewesha.

"Wafula, nani amezima ukaguzi?"

"Hakuna mtu amezima, Mzee. Sasa unanihoji kama gavana?"

"Gavana hujibu haraka kuliko wewe."

Alicheka. Mimi sikucheka.

Tulifungua programu pamoja. Ukaguzi ulikuwepo, mzima. Basi nikamwambia aiulize programu: hii habari ya Mama ni ya darasa gani? Ikajibu: Habari.

Si Tuhuma.

Kosa lilikuwa kwenye mbinu ya darasa, yaani kipande cha programu kinachoitwa kupitia darasa lenyewe, inayopokea ujumbe wa simu na kuunda kitu kipya. Imeandikwa katika Habari, Tuhuma ikairithi. Ndani yake tulikuwa tumeandika Habari(ujumbe), tukilitaja kwa jina darasa mzazi, lile linalorithiwa. Kwa hiyo hata Tuhuma ilipoiita mbinu hiyo, kilichoundwa ni Habari tupu, isiyojua kukagua chochote. Ilitakiwa cls(ujumbe), kwa sababu cls ni darasa lolote lililoita.

Wafula akabadilisha neno hilo moja. Tukaupitisha tena ujumbe wa mkulima. Ukakataliwa.

Nimemwomba Wafula radhi. Amesema atafikiria.

Bado sijatulia. Mbinu hiyo tumeitumia tangu tuanze. Mama Jelagat nimemuwahi kabla habari yake haijatoka, na kesho naenda dukani kwake kumsikiliza mwenyewe. Lakini zile tuhuma zilizokwisha kutoka, ngapi zilipita hivi? Na ni nani tayari amefunga duka kwa sababu yetu?