Mathenge ya Barabara ya Minjila

Barisa,

Arobaini yako imepita na mimi sikuingia. Halima, mke wako, alinipa habari mapema kwamba kisomo ni baada ya adhuhuri, nikasema nitafika. Nilifika mpaka kwenye uzio, nikasikia watu wanasoma, nikageuka. Nakuandikia najua hukujua kusoma hata ulipokuwa hai. Kila karatasi ya kazini ulikuwa unanisukumia: "Soma wewe, Buya. Mimi nasikiliza." Basi sikiliza.

Maji ya El Niño yamekauka, na mathenge, ule mti wa miiba, umefunga barabara tena kutoka Minjila mpaka karibu na Garsen. Ile kona tuliyohangaika wiki tatu kuifyeka, sasa huoni gari mpaka likufikie. Kila kisiki tulichokiacha kimechipua upya, na miiba ni mirefu kuliko ya kwanza. Ulisema. Siku ya kwanza kabisa ulimwambia msimamizi: "Hii mti hapana kata shingo. Toa mizizi." Akacheka. Akasema ofisi inataka barabara ionekane safi, haikuomba mashimo. Na mimi, nyapara wenu, niliyejua unasema kweli, nikawaambia watu wakate juu juu. Nilitaka yule mtu anipende. Hakuna sababu nyingine.

Wewe ulikuwa na haki ya kuuchukia ule mti. Ng'ombe wako walikufa kwa homa baada ya mafuriko, na mbuzi waliobaki walikula maganda ya mathenge mpaka meno yakaoza. Wewe uliyechunga tangu utotoni ukashika panga la kibarua, na wazee wenu wa Kiorma wakipita wanatazama upande wa pili. Hukulalamika. Tukipumzika ulinimiminia maziwa kutoka kibuyu chako kabla hujanywa mwenyewe, huku unanicheka kwamba sisi Wapokomo tunakunywa maji ya mto tukasema tumeshiba.

Kisha zile gambuti, viatu virefu vya mpira. Zililetwa jozi mbili kwa watu kumi na mmoja, nikaambiwa nigawe ninavyoona. Moja nilimpa shemeji yangu. Ya pili nilivaa mimi, niliyekuwa nasimama barabarani na kitabu cha mahudhurio, nisiyegusa hata tawi. Wewe uliingia kichakani na makubazi ya tairi. Mwiba ukatoboa tairi ukaingia mguuni. Ulikaa chini, ukauvuta, ukasema, "Si kitu."

Siku ya tatu mguu ulikuwa umevimba mpaka gotini. Niliomba gari la kazi likupeleke hospitali, msimamizi akasema gari ni la kubeba majembe. Tukakulaza kwenye mkokoteni wa punda. Daktari alipouliza mbona tumechelewa hivi, nilitazama chini, nikaziona gambuti miguuni mwangu.

Hayo unayajua. Usilolijua ni hili.

Wiki moja baada ya kukuzika, msimamizi alikuja na ripoti imeshaandikwa. Ilisema Barisa hakuwa kazini siku ile. Alichomwa na mwiba akifuata mbuzi wake. Ilibaki sahihi ya nyapara tu. Akanipa kalamu yake, akasema wanaoitaka kazi yangu ni wengi. Niliisoma mara mbili, Barisa. Mara mbili. Nikatia sahihi.

Halafu zikaja gambuti za watu wote, mpya, kwa kuwa kuna mkubwa alikuwa anapita. Tulipangwa mstari kando ya barabara tukapigwa picha. Mimi niko katikati.

Jumanne nilikwenda kwa Halima. Nilimwambia yote nimesimama, maana sikuweza kukaa kwenye mkeka wake. Hakulia. Aliuliza, "Kwa hivyo wanaosema mume wangu alikufa kwa uzembe wake, maneno hayo wameyatoa kwako?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Leo sina msamaha wa kukupa. Nenda ukayaseme pale ulipoyaandika."

Nilikwenda. Nilifungua kitabu cha mahudhurio juu ya meza ya msimamizi, ukurasa wa siku ile: jina lako kwa mwandiko wangu, na kando yake alama ya kidole gumba chako. Alitazama, akakifunga, akaniambia nirudishe panga, gambuti na kitabu, nisionekane tena. Panga nilirudisha. Gambuti nilivua pale pale. Kitabu nilikikumbatia nikatoka nacho pekupeku, na kiko kwangu mpaka sasa.

Sina kazi. Mke wangu hasemi nami. Nilidhani nikishasema nitajisikia mwepesi, sijisikii hivyo. Nina hasira na yule mtu, nina hasira na waliomtuma, na zote zikiisha nabaki na mimi mwenyewe. Huyo ndiye simwezi.

Sikuombi msamaha, ndugu yangu. Mwenye kuombwa kwanza ni Halima, naye ameshajibu. Lakini chifu ameitisha baraza Jumatatu kuhusu barabara, na msimamizi atakuwepo. Nakuahidi nitasimama mbele ya Waorma na Wapokomo, niuonyeshe ukurasa ule kwa kila anayetaka kuuona. Nitasema ulikuwa kazini. Nitataja jina lako, kisha langu, na nitasema nani kati yetu alikuwa mwongo.

Mungu akulaze pema, Barisa. Kwaheri.

Buya