Sala Iliyokatizwa Migombani

Jumatano jioni

Eti nisubiri! Nisubiri nini?

Tangu nitengwe na usharika kwa kumzaa Neema nje ya ndoa, nilikuwa sijaomba. Leo nakata majani ya ng'ombe migombani, nikajikuta nimepiga magoti, nasali Sala ya Bwana kwa sauti. Mzee wa kanisa akanikuta. Hata shikamoo yangu hakuiitikia.

"Mama Neema, tubu kwanza mbele ya usharika, urudi kundini, ndipo uombe."

"Kutubu nitatubu, mzee. Lakini Mungu nimeshamwita. Siwezi kumwambia asubiri Jumapili."

Akaondoka ananung'unika. Wakimnyima Neema ubatizo je?

Alinikatiza nilipofika pa kuwasamehe waliotukosea. Nikapiga magoti tena, nikaendelea palepale, na mzee nikamtaja kwa jina.