Swichi ya Njaa

Jumatatu, 3 Machi
Jaribio langu limegoma mikononi mwa mwenzangu. Bi Mizani — tunamwita hivyo pale maabara kwa kupima hata chumvi mara tatu — amelirudia na hakuona kitu. Profesa kaniita ofisini. Hakufoka. Afadhali angefoka. Makala yetu haitumwi jaridani hadi ijulikane nani kakosea. Kisha akauliza taratibu kama nina hakika na lebo za chupa zangu. Miaka mitatu ya kazi, naulizwa lebo!

Jumanne, 4 Machi
Niandike jambo lenyewe, nijue sikuota. Seli ya hamira ikikosa chakula hujila: hukusanya vipande vyake vilivyochakaa, ikavivunja, ikajijenga upya kwavyo. Wakati wa shibe jeni za kazi hiyo zimelala. Kuna protini imezikalia, kama mama aliyekalia ufunguo wa kabati. Njaa ikiingia, protini inabanduka, jeni zinaamka. Mimi niliiondoa kabisa. Seli zangu zikawahi kujila, zikaishi siku nyingi zaidi bila chakula. Kwa Bi Mizani, zilizoondolewa protini na za kawaida ni sawasawa.

Mume wangu kauliza mbona sili. Nikamwambia nafanya utafiti. Hakucheka.

Alhamisi, 6 Machi
Nimesimama nyuma ya Bi Mizani asubuhi nzima. Kazi yake safi kuliko yangu. Saa tano akatoa seli kwenye supu ya chakula, akaziosha, akaziweka kwenye maji ya njaa, yasiyo na chakula.

Nikamuuliza, "Dada, umeosha mara moja tu?"

"Karatasi yako ya maelekezo inasema osha. Nimeosha."

Mimi huosha mara tatu. Sikuandika popote. Mkono wangu unajua, karatasi haijui. Kwake chakula kilibaki — kidogo, lakini mwenye njaa hahitaji sinia. Seli zake hazikuwahi kushinda na njaa hata siku moja.

"Kumbe ulinificha, mdogo wangu."

"Sikujua kama nimeficha."

Kosa ni langu, ila si uongo. Nikaenda chooni nikalia kidogo, kama mtu aliyetua mzigo. Tumeanza upya leo leo, yeye anaosha, mimi nahesabu mpaka tatu.

Jumatano, 12 Machi
Majibu yametoka! Na kwa mikono yake, si yangu. Siku ya sita, katika kila seli mia za kawaida, hai ni ishirini na moja. Zilizoondolewa protini, sitini na nne. Profesa akavua miwani. "Mwanangu, andika: osha mara tatu." Nikamwambia nimeshaandika. Akaniomba radhi kwa lile swali la lebo, mbele ya Bi Mizani. Nyumbani nimekula sahani mbili.

Ijumaa, 14 Machi
Profesa anataka makala Jumatatu. Bi Mizani kaja na seli za siku ya nane. Mimi huwa naishia ya sita. Tunazitia rangi, zilizokufa zinageuka buluu, na sasa za kwangu zinageuka haraka kuliko za kawaida. Huenda protini niliyoiondoa ndiyo inayoziambia ziache kujila: basi, inatosha.

Angeweza kwenda kwa Profesa moja kwa moja. Kaja kwangu.

"Kwenye makala tuishie ya sita?" kauliza, hanitazami.

"Vuta kiti, Dada."

Naandika haya yeye akiwa kwenye hadubini. Anataja, mimi natia alama kwenye jedwali la makala. Tumefika seli ya mia na arobaini, buluu zinazidi, na Profesa namsikia anapanda ngazi —