Stika ya Gari la Maiti

Wete, Pemba
12 Septemba 2024

Mpendwa Dada Saada,

Asalaam aleikum, na shikamoo nyingi. Natumai barua hii itakukuta umekaa chini, hukimbizani na kazi. Magoti yanaendeleaje? Na Shemeji Nassor, kile kifua kimempoa? Mimi ni mzima, ila mgongo haunyooki mpaka jua lipande, na vidole vimepauka kwa sabuni.

Nimeandika kwa sababu simu yako huisikiliza nyumba nzima, na hili nataka ulisome peke yako. Siku aliyozikwa mama nilikwambia boti haikuondoka kwa sababu ya upepo. Dada, boti iliondoka. Nilikuwa nimefanya kazi siku mbili mfululizo, nikajinyoosha kidogo, na nilipoamka ilikwishatoka bandarini. Nikaona haya, nikausingizia upepo. Mwaka na miezi mitatu sasa. Usikasirike bado. Soma kwanza nilivyofika mpaka nikaweza kulisema.

Kwenye kiwanja chetu cha kuoshea magari huletwa gari la maiti la Bi Fakhriya. Marehemu mumewe, Bwana Amur, aliliacha wakfu, lichukue maiti hospitali na kuwafikisha vijijini kwao. Gari zima limevikwa stika ya kijani, ngozi ya plastiki iliyobandikwa juu ya rangi, na ubavuni imeandikwa shahada kwa herufi nyeupe. Bi Fakhriya alinichagua mimi niwe mwoshaji wake, eti kaniona naosha taratibu. Hakujua kuwa ni uchovu.

Alinifundisha mwenyewe. Gari likae kivulini kwanza, maana stika ikiwa na moto sabuni huikaukia. Maji mengi yaondoe mchanga, kisha sabuni kidogo na kitambaa laini. Pembeni, stika inapoishia, hupasugui. Mafuta ya taa hayagusi hapo, wala mashine ya kurushia maji kwa kasi. Na maji yanayotiririka kutoka kwenye shahada nayakinga kwa beseni, nayamwaga chini ya mlangilangi ulio uani, yasije yakakanyagwa.

Nikiliosha gari lile huwa sipo Wete. Povu linashuka juu ya kijani polepole, maua ya langilangi yananukia, na mimi nimo kwetu Makunduchi, siku ya maziko ya mama. Nimewahi. Watu wananipisha mlangoni, nasikia sauti za wanawake ndani, wewe unanitazama huniulizi kitu. Siku nyingine nahisi kitambaa kinapita kwenye miguu ya mama, ile miguu yake yenye nyufa. Namaliza ubavu mzima na sijui nimeumaliza vipi.

Juzi liliporudi kutoka Gando lilikuwa limesimamishwa chini ya mfenesi, na utomvu umegandia kwenye herufi. Nilijua dawa yake: kitambaa cha maji ya vuguvugu, unakiweka juu, unangoja. Mimi nilichoka kungoja. Nikachukua mashine ya maji nikaisogeza karibu. Stika ikainuka, na kabla sijaachia, kipande kikachanika kama ganda la kidonda. Ilikuwa herufi ya mwisho ya jina la Mwenyezi Mungu.

Mwenzangu Jaribu aliona. Akaniambia, "Muunguja wee, sema jua limebandua. Nani atalihoji jua?"

Nikakiokota kile kipande nikakitia mfuko wa shati. Basi dada, mpaka adhuhuri sikuweza kwenda chooni, naingiaje na jina lile kifuani? Mwisho nilivua shati nikalitundika kwenye mlangilangi, nikatoka mbio kifua wazi. Wateja walicheka, na Jaribu akawa ananihesabia hatua. Niliporudi kulivaa nikajua siwezi kulala nalo.

Alasiri nikaenda kwa Bi Fakhriya. Njia nzima lile neno la jua lilikuwa tayari mdomoni. Nilipofika mlangoni kwake ndipo nilipolitambua: lilikuwa ndugu wa lile la upepo. Nikalimeza, nikatoa kipande, nikasema nimekichana mimi, kwa kukosa subira.

Alikishika kwa mikono miwili. Nikaanza kufikiria nitakwenda kutafuta kazi wapi.

"Na kesho mtu akifa Tumbe," akasema, "aende na jina pungufu?"

Akaniambia nichimbe shimo bustanini kwake, akakiweka mwenyewe, mimi nikafukia. Fundi wa stika atakuja kutoka Unguja. Mpaka hapo ubavu ule utafunikwa kwa kitambaa cheupe. Akaingia ndani akanitolea, kikubwa, kimekunjwa vizuri.

"Utalifunika wewe," akaniambia, "na utaliosha wewe. Mwengine sitajua lini ananidanganya."

Nilirudi na kitambaa kwapani, nikijiuliza wewe utasema nini.

Mwisho wa mwezi nimepewa siku tatu. Nitakuja. Ukiona huwezi kunipokea nyumbani nitafikia kwa jirani yenu Mzee Silima, sitanuna. Lakini kaburini kwa mama nitakwenda, na ningependa twende wote.

Nisalimie Shemeji Nassor, na Asya, mwambie mjomba hajamsahau. Mzee Silima mpe mkono wangu.

Kuna jambo moja mwaka mzima sikuthubutu kukuuliza. Nani aliingia kaburini kumpokea mama, mahali pangu mimi mwanawe? Niandikie jina lake, nimwendee yeye kwanza.

Mwenyezi Mungu akulinde, akuwepesishie magoti yako, na amrehemu mama yetu.

Mdogo wako akupendaye,
Kificho