Baba, Usiukate Ubao wa Mwisho

Baba,

Usiuguse ubao wa mwaloni uliobaki kabla hujasoma hapa. Mkate mweusi na samaki wa siki viko kabatini. Paka ameshakula, asikudanganye.

Asubuhi, usukani wa mashua ulipopungua vidole viwili, uliniambia, "Mhandisi mzima, hesabu ya ubao mmoja inakushinda!" Iliniuma. ~~Nangoja uniombe radhi.~~ Basi, yameisha.

Ulipotoka nilichukua mchoro wa usukani aliouchora babu yako, pamoja na zile barua za bibi yako ninazozijua kwa moyo tangu utotoni. Mwandiko ni wa mtindo ule ule wa kale, nikalinganisha herufi moja moja, mpaka maneno ya babu yako ya penseli pembeni mwa mchoro yakasomeka: "Inchi hizi ni za Denmark. Ukipima kwa za Kiingereza utapungukiwa. Mimi nimeshaharibu ubao mmoja."

Nasi tulipima kwa rula ya Kiingereza, Baba. Hesabu haikuwa na kosa.

Nimekwenda kwa mzee Thorkild kuazima rula ya zamani. Nitarudi saa sita. Nisubiri tukate pamoja. Na ule ubao ulioharibika usiuchome. Hata babu yako, fundi kuliko sisi wote, aliharibu wake.

Binti yako,
Gudrun