Kioo Kipya cha Kompyuta

Mjukuu wangu, mume mwenzangu kwa bibi yako,

Nimebadilisha kioo cha kompyuta uliyoniachia, peke yangu, bila msaada wa mtu. Haya, nimedanganya: fundi redio jirani ndiye aliyefungua skrubu, mimi nilichomeka waya wa kioo tu.

Alipotoka kunawa, kioo kikawaka, na betri bado iko mezani, wala umeme haujachomekwa! Nikajiona humo, na nyuma yangu bibi yako tuliyemzika, ameketi kwenye kiti chake akinicheka. Nikageuka, kiti kitupu. Nikatazama tena, amesogea karibu.

Fundi aliporudi kasema, "Mzee, ni macho hayo." Labda. Lakini kama ni yeye, sitaki kukizima.

Ulipovunja chupa yake ya chai, nilisema ni mimi, akaninunia wiki nzima. Rudisha fadhila basi: nipigie kwa video, uniambie nani yuko nyuma yangu.

Babu yako