Diploma Tatu na Mbuzi wa Baba

Jumanne, Butembo. Mvua ya asubuhi ilikatika, jua likatoka, sasa ni usiku, na mimi siwezi kukaa kitini.

Nina habari nzuri, lakini inaanza na aibu. Acha niitoe aibu kwanza.

Nina miaka ishirini na mitano na diploma tatu za chuo kikuu: kilimo, usimamizi wa biashara, na sheria. Asubuhi nilisoma huku, jioni kule. Dada yangu mkubwa, Masika, alikuwa akinitania kwamba mshika mbili moja humponyoka, na mimi nimeshika tatu. Nilicheka. Nilidhani nikimaliza tu, watu wa Butembo watanigombania.

Hawakunigombania.

Miezi minane nimebisha milango. Mfanyabiashara mmoja alizipanga karatasi zangu mezani, akazitazama moja moja, kisha akaniambia kwa upole kwamba msichana mwenye diploma tatu hatakaa kwake. Atapima mizigo huku macho yakiwa barabarani, akingoja shirika la misaada lenye magari meupe. Mwingine aliona kwamba mtu anayeanza masomo mapya kila anapomaliza hajui anachotaka. Huyo aliniuma, kwa sababu mimi pia nimeshajiuliza hivyo.

Kwa hiyo wiki iliyopita nilipokwenda kwa Mama Kavira, mnunuzi wa kakao anayekaa hapa mjini ila ghala lake liko Beni, nilipeleka diploma moja tu, ya kilimo. Mbili nilizifungia sandukuni chini ya vitenge. Alinipa kisu na konzi ya punje. Nikazipasua, nikamwonyesha zile zenye rangi ya zambarau ndani, ambazo hazikuchachuka vizuri. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaniambia atanipigia simu Jumatatu. Nilirudi nyumbani nikiruka madimbwi.

Nilichosahau ni baba.

Baba yangu ni mkulima, mtu wa maneno machache na sala ndefu. Bila kuniambia, alikuwa ameandikisha familia parokiani kwa misa ya shukrani. Jumapili, wakati wa matoleo, nikamwona anapita katikati ya kanisa na mbuzi kwenye kamba, mama nyuma yake na kikapu cha maharagwe, wajomba na mananasi. Msomaji wa matangazo akashika mikro. Akasoma taratibu, kila neno peke yake: familia inamshukuru Mungu kwa diploma tatu za binti yao Kahindo, diploma ya kilimo, diploma ya biashara na diploma ya sheria. Kanisa zima likapiga vigelegele. Mbuzi naye akajibu.

Mama Kavira alikuwa benchi ya tatu. Aligeuka, akanitazama.

Jana, Jumatatu, simu haikulia. Nilijiona mjinga mara tatu, moja kwa kila diploma.

Leo saa nne asubuhi ikalia, Mama Kavira akaniita. Nilimkuta kwenye bureau, ofisi yake ndogo, miwani puani. Hakunipa mkono. Aliuliza sababu tu, si kingine.

"Juu ya nini ulizificha?"

Nikamwambia ukweli: nimechoka kuambiwa nimesoma mno. Na nilipoanza kusema sikuweza kuacha. Nilimwambia hata kwamba sijui kama nilisoma mara tatu kwa kupenda au kwa kuogopa kutoka shuleni. Hilo sijawahi kumwambia mtu yeyote.

Mama Kavira alivua miwani.

"Nilikuwa natafuta mutu wa kupasua kakao. Sasa niko na mutu wa kupasua, wa kufanya hesabu na wa kusoma contrat na sheria zake. Lakini nitalipa mutu moja tu. Unakubali ao unaenda?"

Nilikubali kabla hajafunga mdomo!

Nina kazi. Nina kazi Beni! Masika anasema nimeliwa: watatu kwa mshahara wa mmoja. Labda ni kweli. Lakini ni mara ya kwanza mtu anaziona diploma zangu na kupata hamu badala ya hofu, na furaha hii siiuzi leo. Mama anaiwaza barabara ya Beni na hatari zake. Mimi nawaza harufu ya kakao inapoanikwa.

Ila baba alikuwa hajui kwamba nilizificha, na sikutaka alisikie jambo hilo kanisani kutoka kwa Mama Kavira. Jioni nilimkuta shambani nyuma ya nyumba akipalilia maharagwe. Nikamweleza yote, nikitazama udongo. Aliegemea jembe.

"Ulikuwa unasikia aibu juu yetu?"

Nikamwambia hapana, papa, ilikuwa woga. Aliinama, akang'oa gugu moja, akalitupa kando, nikafikiri furaha yangu imeishia pale.

"Basi kule Beni, peleka yote tatu. Bakikufukuza, bakufukuze juu ya ukweli."

Akarudi kupalilia. Nikachukua jembe la mama, nikashika mstari wa pili, tukaenda pamoja mpaka mwisho wa shamba.

Gari linaondoka Alhamisi asubuhi. Mkoba umeshafungwa, nguo mbili na karatasi zote. Sasa Jumatano nzima nitaifanya nini?